Ngoma Nambari Kumi na Saba

Nakiri mapema, kabla hajanisemea mtu mwingine: ndiyo, mimi ndiye yule karani wa wilaya aliyeketi chini katikati ya mnada wa Busia, tai shingoni, akalia mbele ya umati wa watu wa nchi mbili hata kiatu kikamtoka. Aibu hiyo ni yangu na sijawahi kuikana. Ninachokikataa ni namna inavyosimuliwa. Juzi, katika matanga ya jirani yangu hapa Tororo, nilimsikia kijana mmoja wa miaka hamsini (kwangu mimi huyo ni kijana), ambaye siku ya tukio alikuwa bado ananyonya, akiwaeleza wenzake kwamba ngoma zilikuwa mbili, kwamba nilivaa kaptula, na kwamba nililia kwa kuwaogopa wanajeshi. Ngoma ilikuwa moja. Suruali ilikuwa ndefu, ya kijivu, iliyopigwa pasi asubuhi ile ile. Na kuhusu hilo la tatu nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, maana si jambo la kusahihishwa kwa sentensi moja.

Wakati huo nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, na Wahindi walikuwa wamekwisha kuamriwa waondoke. Hapa Tororo alikuwapo mfamasia mmoja, Bwana Harilal, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyewauzia wazazi wetu dawa za kikohozi tangu tukiwa watoto. Nyuma ya duka lake kulikuwa na chumba ambacho wagonjwa hawakukijua. Humo, kwa miaka zaidi ya ishirini, alikuwa akikusanya vitu vyetu: vinubi, mazeze, marimba, filimbi za pembe, njuga, ngao, vigoda, vinyago kutoka Kongo, na ngoma za kila umbo. Kila kimoja alikifungia kikaratasi kwa uzi, akaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu (na mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa) kitu hicho ni nini, kimetoka wapi, na nani alimpa. Aliondoka na sanduku moja la nguo. Funguo za chumba alinikabidhi mimi, kwa kuwa nilikuwa karani wa mali zilizoachwa, akaniambia, "Bwana Erisa, mvua zikija, usiviache vilowe."

Amri ikaja kwamba mali ile yote ipigwe mnada, na mnada ufanyike Busia, mpakani, kwa sababu wanunuzi waliotarajiwa ni wafanyabiashara wa upande wa Kenya wanaowauzia watalii vinyago. Mimi nilitakiwa kuandaa daftari lenye safu nne: nambari, maelezo, mahali kilikotoka, na hali. Nililiandaa kwa siku tatu, nikinakili vile vikaratasi kimoja kimoja bila kuongeza wala kupunguza.

Isipokuwa kimoja. (Hili sijawahi kulisema hadharani, na ndilo chanzo cha yote.) Nilipofika kwenye kifaa cha kumi na saba, ngoma ndefu kama kimo cha mtoto wa shule, ngozi ya kenge juu, mti wake umelainishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa, nilikifungua kikaratasi chake na kukitia katika mfuko wa shati. Katika daftari niliandika tu: "Ngoma ndefu. Tororo." Kisha nikaendelea na kumi na nane.

Lazima nieleze. Ngoma ile ilikuwa ya baba yangu, na kabla yake ya baba yake, kwa kuwa nyumba yetu ndiyo iliyotunza ngoma ya msiba ya ukoo. Si ngoma ya kuchezea, wala ya arusi, wala ya kuwaitia watu kanisani. Hupigwa mtu anapokufa, tena mtu mzima mwenye heshima: mapigo matatu ya polepole, kimya, kisha matatu tena, na popote inaposikika watu huweka majembe chini na kuuliza, "Ni nani?" Nao lazima wajibiwe. Ngoma ile haisemi bure; ikishasema, jina hutajwa. Baba alipofariki, miaka sita kabla ya mnada huo, mimi nilikuwa mzee wa kanisa mwenye barua mpya ya kupandishwa cheo, na nilikuwa nimewaalika wakubwa wangu wa ofisi mazikoni. Mzee Owor, mpiga ngoma mwenzake Baba tangu ujana wao, alifika akiwa ameibeba begani, tayari. Nikamtoa pembeni na kumwambia airudishe ndani, mambo hayo yamepitwa na wakati. Tukamzika Baba kwa nyimbo na kengele. Baadaye nilipoibomoa nyumba yake ya nyasi ili nijenge ya mabati, ngoma haikuwa na mahali pa kukaa, nami nikampelekea Bwana Harilal, aliyenishukuru sana na kunipa chupa ya dawa ya kuongeza damu.

Basi, siku ya mnada. Mahali palikuwa uwanja wa mbele wa godauni la Haji Musa, msafirishaji maarufu wa Busia, mtu wa utani usiokoma, ambaye mwenyewe alikuwa dalali wa siku hiyo kwa sababu sauti yake ilisikika nchi mbili bila kipaza sauti. Ilikuwa siku ya soko. Wanunuzi walikaa kwenye mabenchi, watazamaji walisimama, na nyuma yao soko lenyewe lilikuwa likivuma kama kawaida. Mimi nilikuwa na meza, daftari na kalamu mbili, moja nyeusi na moja nyekundu.

Sasa ule uamuzi mdogo. Katika safu ya "hali" makarani wengine wangeandika "nzuri" kuanzia juu mpaka chini na kwenda kula. Mimi sikuwa karani wa namna hiyo. Taratibu za mnada wa baiskeli na redio zilitaka kila kifaa kijaribiwe mbele ya wanunuzi, na sikuona kwa nini zeze lipewe heshima ndogo kuliko redio. Kwa hiyo kinubi kilipigwa, ndipo nikaandika "nzuri". Marimba ililia, nikaandika "nzuri, vibao viwili vimelegea". Filimbi ya pembe ilipulizwa na Haji Musa mwenyewe, ikatoa mlio wa ng'ombe aliyekanyagwa, nami nikaandika "wastani", jambo lililomfanya Haji aape kwamba kasoro ilikuwa ya pembe, si ya mapafu. Watu walicheka, hata mimi nilitabasamu. Tukafika kumi na saba.

Haji alinitazama, akaitazama ngoma. Alizaliwa pale mpakani na alijua vitu vingi. "Bwana Erisa," akasema kwa sauti ya chini, "hii andika nzuri, twende mbele."

"Siwezi kuthibitisha nisichokisikia, Haji."

"Mimi nimekithibitisha kwa macho. Ona inavyong'aa, utadhani bibi arusi."

"Macho hayasikii."

Wakati huo Mzee Owor, yule yule, alikuwa bawabu wa ofisi yetu (nilimpatia kazi hiyo mimi, na nilijihesabu kuwa nimemlipa fadhila). Yeye ndiye aliyekuwa akivitoa vifaa godauni na kuvisimamisha mbele ya watu. Nikamwita. "Mzee Owor, ipige kidogo wanunuzi wasikie."

Hakusogea. "Bwana, hii haipigwi bila mtu."

"Mtu yupo. Wewe."

"Unajua mtu ninayemsema."

Nilijua. Wanunuzi walikuwa wakingoja, benchi la mbele wameanza kunong'ona, na kile kikaratasi mfukoni kilikuwa kama kimewaka moto, na badala ya kuniambia niache, moto ule ulinifanya niwe mkali zaidi, kama ilivyo desturi ya mtu anayeficha jambo. "Mzee Owor," nikasema kwa sauti ya ofisi, "hiki ni Kifaa Nambari Kumi na Saba, mali ya Serikali. Ni amri. Piga."

Akavua kofia. Akapiga mara tatu.

Sijui niieleze vipi sauti ile kwa mtu ambaye hakuisikia. Haikuwa kubwa. Ilipita chini, kama inatembea ndani ya ardhi, na nilihisi meza ikitetemeka chini ya viwiko vyangu. Soko likanyamaza. Nasema likanyamaza: wauza samaki, wapagazi, wabadilisha fedha, hata madereva wa malori upande wa pili waliokuwa wakigombana na ofisa wa forodha. Kisha Mzee Owor, kwa kuwa mpigaji hawezi kuacha katikati, akapiga matatu ya pili, na wanawake wakaanza mayowe.

"Ni nani? Ni nani?" Swali likapita kutoka kibanda hadi kibanda, kwa Kisamia, kwa Kiteso, kwa Kijaluo, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, watu wakajijibu wenyewe. Ngoma imepigwa kwenye mnada wa Serikali. Mbele ya karani wa Serikali. Basi aliyekufa ni mkubwa. Mkubwa gani? Mkubwa hasa. Nilisikia neno hilo likikua kadiri lilivyokuwa likipita, mpaka likawa kubwa kiasi ambacho hakuna aliyethubutu kulitamka lote. Ndipo, mahali fulani nyuma ya mabanda ya mitumba, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kimoja tu, tena kilikatwa katikati, nadhani kwa kiganja cha mtu mwenye akili. Lakini kilikuwa kimekwisha kusikika.

Gari la Kapteni wa kikosi cha mpakani lilifika kabla vumbi la wanaokimbia halijatulia. Kapteni alikuwa mtu mrefu kutoka mbali kaskazini, wa maneno machache. Alishuka na askari wawili, akaiangalia ngoma, akamwangalia Mzee Owor aliyekuwa bado na mikono juu ya ngozi.

"Nani nakufa?" akauliza.

Mzee Owor aliondoa mikono juu ya ngozi.

"Mimi nauliza vizuri. Wewe napiga ngoma ya kufa. Watu nasema mutu kubwa nakufa. Moja nafurahi. Nani nakufa?"

Askari mmoja akalifungua buti la gari. Walio wa umri wangu hawahitaji maelezo. Walio wadogo na wajue kwamba siku zile waliosafiri ndani ya buti hawakuwa wakirudi kusimulia safari. Mzee Owor angeweza kunyoosha kidole na kusema, "Ni karani aliyeniamuru." Hakufanya hivyo. Alivua koti lake kuukuu, akalikunja mara mbili kama mtu anayejiandaa kulala, akaliweka juu ya ngoma, na hakunitazama.

Nami nilinyamaza. Nataka hili liingie katika kumbukumbu kwa sababu hakuna msimulizi mwingine anayelitaja. Amri ilikuwa yangu, kalamu ilikuwa mkononi, na nilinyamaza kwa muda wote uliomtosha mzee wa miaka sabini kuvua koti, kulikunja na kuanza kutembea kuelekea garini.

Aliyenifumbua kinywa ni shangazi yangu. Shangazi Athieno, dada yake Baba, alikuwa akiuza samaki wakavu kutoka Majanji, kule ziwani, katika soko lile, na alikuja akipenya katikati ya watu, mikono yote miwili inanuka moshi wa samaki, kitambaa kimemtoka kichwani. Hakumwona Kapteni, au alimwona akampuuza. "Nimeisikia," akasema, "hiyo ni ngoma ya kaka yangu. Ngoma ya kaka yangu, Erisa! Nani amekufa mpaka amepigiwa ngoma ambayo mwenye ngoma alinyimwa?"

"Ni yeye, Shangazi," nikasema. "Ni Baba."

Kapteni akageuka. "Baba yako nakufa leo?"

"Hapana, Afande. Ni miaka sita sasa."

Mtu mmoja akacheka. Kapteni hakucheka. "Miaka sita! Na habari nafika leo? Hii ngoma natembea na miguu?"

"Afande, amri ya kupiga niliitoa mimi. Mzee huyu alikataa, nikamlazimisha. Na ngoma..." Hapo nilikwama, nikafanya kitu pekee ninachokiweza, yaani kutoa ushahidi wa maandishi. Nilikitoa kikaratasi mfukoni. Kilikuwa kimelowa jasho. Kapteni alikishika, akakigeuza, akakigeuza tena, kisha akampa Haji Musa. "Soma."

Haji akasoma kwa ile sauti yake ya dalali, maana hakuwa na nyingine: "Ngoma ya msiba, ya ukoo. Imetolewa na Bwana Erisa Ochwo, karani, baada ya kifo cha baba yake. Haikupigwa mazikoni." Akakikunja. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuongeza neno.

(Haikupigwa mazikoni! Sikumbuki kumwambia Bwana Harilal jambo hilo. Lakini dukani mwa mfamasia watu husema mengi.)

"Baba yangu mimi," Kapteni akasema, "nakufa wakati mimi iko mbali, kwa kozi. Mimi hapana iko. Lakini ngoma iko. Watu nasikia, watu nakuja." Akaninyooshea fimbo yake. "Wewe iko. Ngoma hapana iko. Wewe natoa yeye kwa Muhindi." Akatema mate. "Kaa chini. Lia."

"Afande?"

"Lia! Kama wewe nalia, ngoma nasema kweli, huyu mzee nakwenda kwake. Kama wewe hapana lia, ngoma nasema uongo. Mutu ya uongo iko na nafasi yake." Akalionyesha buti kwa kidevu.

Nilitandika leso yangu chini ili suruali isichafuke, nikaketi. (Naam, nilitandika leso. Shangazi aliivuta kwa nguvu, nikabaki mavumbini.) Watu walikuwa wamenizunguka kama wanaotazama mieleka. Nikakohoa, nikafunika uso, nikasema kwa sauti niliyoiona kuwa ya huzuni, "Ole wangu, nimempoteza mzazi mpendwa, aliyekuwa mfano mwema kwa jamii..."

"Hii hapana kulia," Kapteni akasema. "Hii naripoti."

Umati ukaangua kicheko, hata askari mmoja akageuka pembeni. Haji Musa akainama karibu na sikio langu, akiwa na jasho la kweli usoni: "Ndugu yangu, tafadhali, lia kama mtu aliyeibiwa baiskeli." Nikajaribu. Macho yalikuwa makavu kama mchanga. Nilimwaza Mzee Owor, nikajilaumu, nikajifinya paja, na kila nilipojitahidi nilitoa sauti iliyozidi kuwafurahisha watazamaji. Mzee alikuwa amesimama kando ya gari, shati lake likionyesha mbavu, akingoja niweze kufanya kitu ambacho mtoto wa siku moja anakiweza.

Ndipo Shangazi akapiga magoti mbele yangu. "Owor," akaita bila kugeuka, "rudi umpigie." Kapteni akaitikia kwa kichwa. Ngoma ikaanza, mara tatu, na juu yake Shangazi akaanza kumwita Baba kwa sifa zake, kama alivyostahili kuitwa siku ile niliyoleta kengele. "Mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu! Mwenye fahali mwekundu asiyefungwa! Uliyewachimbia kisima hata waliokutukana!" Nilizisikia kama ripoti, nakiri, mpaka akafika kwenye moja niliyokuwa nimeisahau kabisa: "Uliyebeba viatu vya mwanao kichwani, njia nzima ya misheni, ili matope yasiviguse!"

Nilikuwa na miaka minane. Vilikuwa viatu vyangu vya kwanza, vikubwa kuliko miguu yangu, na mvua ilikuwa imenyesha. Alinibeba mgongoni, viatu akaviweka kichwani, na yeye mwenyewe alikuwa pekupeku, maana hakuwahi kuwa na viatu maishani mwake. Mlangoni mwa shule alinivisha, akavipangusa kwa kiganja, akanigonga kidogo kwa kidole gumba akisema, "Nenda ukawe mtu wa daftari."

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa utaratibu. Nililia. Sauti iliyonitoka sikuijua, na mwili ulifanya mambo ambayo sikuuruhusu: nilijitupa, nikapiga ardhi, tai ikageukia mgongoni, makamasi yakafika kwenye shati, kiatu cha kushoto kikaruka na kumpata mnunuzi mmoja wa Kisumu aliyekirudisha baadaye kwa heshima kubwa. Wanawake wa soko waliacha kucheka, wakaketi, wakalia nami. Mzee Owor aliendelea kupiga.

"Inatosha," Kapteni akasema. Sikuweza kuacha. Baada ya muda akasema tena, "Karani, inatosha." Nikazidi. Mara ya tatu alipaza sauti, "Mimi nasema nyamaza!" na mnyonge mimi, niliyezoea kusimama wima hata simu ya mkuu wangu ikilia, niliendelea kumlilia baba yangu mbele ya fimbo yake. Akainama kidogo, akanitazama, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akawaashiria askari wafunge buti. "Hii moja hapana uza," akasema kuhusu ngoma, akaondoka.

Mzee Owor alichukua koti lake, akalikung'uta, akalivaa. Alikuja mezani, akaweka kidole kwenye daftari, katika safu ya nne iliyokuwa bado tupu. "Sasa umeisikia," akaniambia. "Andika." Niliandika "nzuri" kwa kalamu nyeusi, kisha kwa nyekundu nikapiga mstari juu ya nambari kumi na saba yote, ufutaji wa kwanza katika daftari langu lolote. Mnada ulimalizwa na Haji Musa peke yake, kwa kuwa mimi sikuwa na sauti, na mwisho wa siku aliipakia ngoma kwenye lori lake na kuipeleka kwa Shangazi, ambako ipo hadi leo mikononi mwa wajukuu. Ilipigwa kwa Mzee Owor alipofariki. Niliifuata kwa miguu.

Tangu hapo sijaficha tena kikaratasi cha mtu, na katika safu ya hali, kila nilipokuwa sijui, niliandika "sijui", jambo lililowakasirisha wakubwa wangu hadi nilipostaafu. Vijana waliniita Karani Kilio, na wengine bado huniita hivyo nikipita sokoni. Nawaachia.

Lakini kuhusu hofu, kijana wa matangani, sahihisha. Kwamba nililia kwa amri, hilo ni kweli na lina mashahidi. Ila mashahidi hao hao walisikia nikiamriwa kunyamaza, mara tatu, na mara zote tatu sikutii. Mwenye hofu hutii. Katika utumishi wangu wote hiyo ndiyo amri pekee ya Serikali niliyoivunja, na naomba iandikwe hivyo.